Jina Katika Wimbo wa Kisima

Wiki ya sita tangu kiharusi kimwangushe Mzee Wino mlangoni mwa choo, maneno yake yote yalikuwa yamekwisha, ikabaki "ba". Maji yalikuwa ba, mto wa kulalia ba, mkewe ba, na hasira nayo ba, ila hiyo aliisema huku akipiga godoro kwa mkono wa kushoto. Mtu aliyepanga na kuchapa maneno ya watu kwa miaka thelathini na minne, kadi za harusi, matangazo ya misiba, tikiti za bahati nasibu, sasa hakuwa na hata neno moja la kwake. Wino tu ndio uliomwachia alama. Ulikuwa bado umeganda kwenye mizizi ya kucha, mweusi tii, na hakuna sabuni iliyowahi kuung'oa.

Mkewe alimlisha uji kwa kijiko cha chai. Majirani walimwita Mama Cherehani, kwa kuwa mashine yake ilinguruma tangu watoto wanakwenda shule mpaka wanarudi, na wengi wao walikwenda na kurudi ndani ya sare alizozishona yeye. Tangu mumewe aanguke, mashine ilikuwa kimya. Kijiko kimoja kilimchukua muda wa kushona mfuko mmoja wa kaptula, na mara nyingi uji wenyewe ulirudi ukamwagikia kidevuni.

Kila Jumanne alikuja kijana wa kike kutoka hospitali, kazi yake kuwafundisha wagonjwa kusema upya. Nyumba nzima walimwita Mwalimu. Alikuja na picha za vikombe na viatu, akamwonyesha mgonjwa kikombe, mgonjwa akasema ba. Akamwonyesha kiatu. Ba.

Jumanne hiyo ya sita Mwalimu alikunja picha zake akauliza, "Mama, mzee alipenda nyimbo zipi zamani?"

"Nyimbo? Huyu?" Mama Cherehani akacheka, kicheko cha kwanza kwa wiki nyingi. "Chini ya kitanda kuna santuri kumi na tisa. Panya ndio wanaozisikiliza siku hizi."

"Zitoe. Wako watu ambao kiharusi huwanyang'anya maneno lakini nyimbo huwaachia. Sijui niseme vipi, ni kama zimehifadhiwa chumba kingine, na mwizi hakuona mlango."

Binti yao wa pekee, karani katika ofisi ya maji, akakazana kama aliyeambiwa dawa imepatikana. Aliondoa nyuzi na vifungo vilivyokuwa vimerundikwa juu ya gramafoni, akatafuta fundi wa kubadilisha mkanda, akanunua na sindano mpya. Jumanne iliyofuata aliomba ruhusa kazini ili naye awepo.

Walianza kuzipiga. Ya kwanza ilikwaruza kama mtu anayekanyaga changarawe. Mzee Wino alitazama dari. Ya pili, ya tatu, ya sita, dari. Kwenye ya tisa alisinzia. Moja ilikuwa imepinda kwa joto, mwimbaji akawa anapanda na kushuka kama mlevi kwenye ngazi, na binti akacheka mpaka akajifuta macho.

Mama Cherehani alikuwa ameiacha moja makusudi, kama mtoto anayeacha kipande kitamu mpaka mwisho. Ulikuwa wimbo wa kisimani, wa zamani kuliko wao wote, waliouimba wanawake wakivuta maji. Wapiga gita fulani waliurekodi ulipokuwa unataka kusahauliwa. Santuri yenyewe ilikuwa imechakaa upande mmoja, mifereji imefifia, na pale katikati, kwenye karatasi nyekundu, palikuwa na doa jeupe lililokwanguliwa. Siku zote alidhani ni bei iliyokwanguliwa.

"Hii ndiyo yetu," akamwambia Mwalimu. "Mwaka tuliooana. Chumba chetu kilivuja, nimetega ndoo nne, akaingia ameloa chapachapa, santuri ameificha ndani ya shati. Akaniambia, nimekuletea. Tukacheza katikati ya ndoo."

"Mama hutusimulia hiyo kila mvua ikinyesha," binti akasema.

Mama Cherehani akaiweka mwenyewe. Magita yalianza, kisha sauti ya mwanamke, nyembamba, ya pua kidogo. *Vuta, mpenzi, vuta, kamba haijaisha.* Mzee Wino aligeuza kichwa. Upande wa mdomo uliokufa ukatetemeka. Mstari wa pili ulipofika, aliingia nao.

"Vuta, Sindano, vuta," akaimba, "maji yako chini."

Neno kwa neno, safi, sauti ya mtu wa miaka thelathini ikitoka katika kifua cha mzee. Binti alishika mdomo. Mwalimu aliandika haraka, peni ikimtelezea. Kila penye "mpenzi", Mzee Wino alisema "Sindano", na alipolisema macho yake yaling'aa machozi.

"Sindano ni nani?" Mwalimu akauliza wimbo ulipokwisha.

"Si huyu hapa," binti akamkumbatia mama yake. "Mshonaji. Mama, umetuficha. Kumbe baba alikuwa na jina lako la siri."

"Mambo ya wazee hayo," Mama Cherehani akasema, akatabasamu, akainama kuokota uzi ambao haukuwa umeanguka.

Katika miaka thelathini na minane mumewe hakuwahi kumwita Sindano. Mwanzoni alimwita "wewe". Binti alipozaliwa akaanza kumwita "mama".

 

Tangu siku ile mgonjwa alikula pale tu santuri ilipozunguka. Ikisimama, aliziba mdomo. Mama Cherehani aliiweka asubuhi, mchana na jioni, akachota uji kufuata mapigo ya gita, na kwa kila kijiko jina lile lilipita karibu na vidole vyake. Jina hilo likatoka ndani ya wimbo. Mtu akibisha hodi, awe muuza mkaa au mzazi aliyefuata sare, Mzee Wino aliinua shingo kuelekea mlangoni na kuuliza, "Sindano?" Alipoona si yeye, alirudisha kichwa kwenye mto.

Binti aliisambaza habari kwa nia njema. Bombani wanawake wakaanza kumtania. "Bi Sindano, heri yako. Wangu hata akiwa mzima hanikumbuki." Mama Cherehani aliitikia, akabeba ndoo yake. Alijiambia kwamba mgonjwa ni mgonjwa. Labda alikuwa akiitaka sindano ya gramafoni. Labda alikuwa akiwaza cherehani. Mtu akitaka kujifariji hakosi sababu.

Alhamisi moja akaja Nukta. Huyu alipanga herufi meza moja na Mzee Wino tangu ujana wao, na waliitwa hivyo, Wino na Nukta, kama chumvi na bakuli lake. Alileta machungwa, akaketi ukingoni mwa kitanda, akazungumza peke yake kwa niaba ya wawili. Wakati wa uji ulipofika, Mama Cherehani akaweka santuri. Mzee Wino akaimba.

Nukta alipiga paja. "Ala, bado tu? Sindano bado tu, mzee?" Akacheka, kisha akakutana na macho ya shemeji yake, kicheko kikamkwama.

Mama Cherehani akaweka bakuli chini. "Njoo ukumbini, shemeji."

Kule ukumbini Nukta alisimama akishika kofia. "Mimi mzee, shemeji. Mdomo wangu hauna kitasa."

"Uliitwa Nukta kwa sababu ukisema, neno limekwisha. Basi limalize."

"Ulikuwa ujinga wa vijana. Nyuma ya kiwanda chetu cha chapa palikuwa na zahanati. Palikuwa na muuguzi mmoja, mrefu, mweupe wa meno. Sisi tulimwita Sindano. Mumeo alikuwa mzima kama jiwe la kusagia, lakini kila wiki ana homa."

"Mwaka gani?"

Nukta alitazama viatu vyake. "Mwaka ule wa mvua nyingi."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Wewe si ndiyo kwanza umeolewa, shemeji."

Mama Cherehani alimkumbuka. Alimpelekea binti yake achanjwe, mtoto wa miezi miwili, na muuguzi mrefu alimwambia mbele ya foleni nzima, "Mtoto mzuri hivi unamfunga kitambaa kichafu hivi?" Mumewe alikuwa amesimama pembeni. Hakumtetea. Alikuwa akimtazama muuguzi na kutabasamu, na Mama Cherehani alimshukuru yule mwanamke, akaenda nyumbani akafua kitambaa mara mbili.

"Yu hai?"

"Nasikia anakaa kwa mwanawe, karibu na kiwanda cha sabuni. Lakini shemeji, ya nini sasa?"

"Hali bila wimbo," Mama Cherehani akasema. "Santuri nayo inakatika. Ikiisha hiyo, nitamlisha na nini?"

 

Alikwenda Jumamosi, siku binti alipokuja kumshikia mgonjwa. Alisema anafuata vitambaa. Alivaa gauni lake la kijani, la kwenda kwenye harusi, na njiani aliona aibu kulivaa.

Alimkuta barazani kwa mwanawe, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, miwani imefungwa kwa kamba. Meno yalikuwa bado meupe, lakini yalikuwa ya kununua. Hakuinuka. Alimwonyesha mgeni kigoda.

"Mimi ni mke wa mpiga chapa," Mama Cherehani akaanza.

"Mpiga chapa yupi, dada? Walikuwa kama kumi na wawili, na wote walikuwa na homa."

"Wanamwita Wino."

Yule mwanamke alifikiri. Alitoa mguu mmoja majini, akautazama, akaurudisha. "Huyo simkumbuki."

"Alikuwa akiimba. Wimbo wa kisimani."

"Aa. Yule mwenye kucha nyeusi. Aliimba kwenye foleni mpaka wagonjwa wakalalamika. Nilidhani kichwa chake hakiko sawa." Akacheka kidogo, bila ubaya. "Amekufa?"

"Hapana. Ana kiharusi. Anakuita."

"Ananiita mimi?"

"Mchana kutwa. Dada, sikuja kugombana. Sisi ni watu wazima. Niambie tu kulikuwa na nini baina yenu."

"Baina yetu?" Muuguzi alivua miwani ili amwone vizuri. "Dada yangu, baina yetu kulikuwa na pamba na spiriti. Siku moja aliniletea santuri. Pale katikati ameandika jina langu kwa wino, na makopakopa pembeni. Nikamwambia, mimi nina mume, kitu hiki nikipeleke wapi? Kirudishe dukani. Akasema dukani hawarudishi. Nikamwambia, basi kampe mkeo. Ilikuwa inanyesha, nakumbuka, maana alisimama mlangoni pangu akalowesha sakafu niliyokwisha kupiga deki."

Ndani mtu alikuwa akigonga sufuria kwa mwiko.

"Njoo umwone," Mama Cherehani akasema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa unyonge. "Dakika kumi tu. Umwambie ale. Nitakuja kukuchukua, nitakurudisha."

"Kwa miguu hii? Na nimwambie nini mtu nisiyemjua?" Alichovya kitambaa majini, akakikamua. "Mwambie wewe ndiye mimi. Uzeeni sote tunafanana."

 

Binti alipoondoka, Mama Cherehani alikoroga uji, akauleta, akaketi mahali pake pa kila siku, kushoto kwa kitanda. Santuri hakuiweka. Mgonjwa alimtazama, akaitazama gramafoni.

"Sindano?" akauliza.

"Nimetoka kwake."

Uso wa Mzee Wino ukafunguka wote, hata ule upande uliokufa ukajitahidi. Mkewe aliona furaha ile, na kama kulikuwa na huruma aliyokuwa amebaki nayo, hapo ndipo ilipoisha.

"Ameota mvi. Anaroweka miguu kwenye beseni. Nilimtajia jina lako, akasema hakukumbuki. Nilimwambia wimbo ndipo akakumbuka kucha zako. Alidhani kichwa chako hakiko sawa. Hivyo ndivyo alivyosema."

Alisema kwa sauti ya kupima mtu nguo, mabega haya, kiuno hiki. Mkono wa kushoto wa Mzee Wino ulipanda polepole ukaziba sikio la kushoto. Mkono wa kulia ulibaki juu ya shuka, umelala kama kitu cha mtu mwingine. Mama Cherehani aliinuka, akazunguka kitanda, akaketi upande wa kulia, akainama kwenye sikio lililokuwa wazi.

"Alikuambia uirudishe dukani. Akakuambia ukampe mkeo. Ukakwangua jina, ukaja, ukaniambia umeniletea. Nami nikacheka, nikacheza, nikakukausha nywele. Miaka thelathini na minane namsimulia mtoto. Hata kuja kukuona amekataa. Miguu inamuuma."

Machozi yalimtoka mgonjwa jicho moja tu. Lile la upande wa pili halikuwa na nguvu ya kulia. Mama Cherehani alimpangusa kwa pembe ya kanga, akachota uji, akausogeza. Mdomo ulikuwa umefungwa. Akakisukuma kijiko mpaka kikagonga meno, uji ukamwagika shingoni, naye akaupangusa na huo.

 

Jumanne Mwalimu alikuja na mkubwa wake wa kazi, aje ajionee mgonjwa anayeimba. Binti alikuwa ameshapanga viti. Santuri ikawekwa. *Vuta, mpenzi, vuta.* Mzee Wino alitazama ukuta.

"Labda amechoka," binti akasema. "Tangu Jumapili hali vizuri."

"Tujaribu njia nyingine," mkubwa akasema. "Mama, wewe ndiye uliyekuwepo. Msimulie kumbukumbu ya wimbo huu, wakati unapigwa. Sauti ya mke hufungua mengi."

"Ile ya ndoo, mama."

Mama Cherehani alisimama miguuni pa kitanda. Aliweza kusema kichwa kinamuuma. Lakini binti yake alikuwa amekaa mbele, mikono mapajani, uso ule ule aliokuwa nao akiwa na miaka sita.

"Ulikuwa mwaka wa mvua nyingi," akaanza. "Chumba kilivuja. Nilitega ndoo nne. Moja ilikuwa ya jirani." Alisimulia yote, hakuruka hata ndoo moja. Alisimulia shati lililoloa, na jinsi santuri ilivyokuwa na joto la kifua.

"Akakuambia nini?" binti akamkumbusha.

"Akaniambia, nimekuletea wewe."

Neno "wewe" halikuwahi kuwamo katika hadithi hiyo. Aliliongeza hapo hapo, huku akimtazama mumewe. Mzee Wino aligeuka kutoka ukutani. Koo lilipanda na kushuka. Midomo ilikutana, ikaachana, ikatafuta.

"Zi," akasema. "Zima."

Mwalimu aliruka kutoka kitini. "Mmesikia? Halimo kwenye wimbo hilo. Hilo ni neno lake mwenyewe."

Binti alianza kulia kwa furaha. Mama Cherehani akanyoosha mkono kwenye gramafoni, lakini mkubwa akamzuia kwa upole. "Usizime kwanza, mama. Iache, tumpe sababu ya kurudia."

Wimbo ukaendelea. Mzee Wino akasema zima. Mwalimu akaandika. Akasema zima tena, akipiga godoro, nao wakapiga makofi. Wimbo ulipoisha waliurudisha mwanzo. Alisema zima mara tisa, ya mwisho kwa sauti ya juu hata jirani akachungulia dirishani, akaambiwa mzee amepata neno, naye akamshukuru Mungu.

 

Baada ya hapo maneno yalirudi moja moja. Mlango. Baridi. Kesho. Jina la binti yake alilipata mwezi wa tatu, na siku hiyo binti hakwenda kazini. Mwalimu aliomba ile santuri akawajaribie wagonjwa wengine, akapewa. Cherehani ikaanza tena kunguruma.

Uji alikubali kuula, bila muziki. Kila kijiko kilipomfikia alimeza, akajipangusa kidevu kwa mkono wa kushoto, akasema, "Asante, dada."

"Baba, huyu si dada," binti akamcheka. "Huyu ni mama."

Mwalimu alieleza kwamba majina ya jamaa huchanganyika, ni kawaida, yatakaa sawa. Lakini binti alikuwa binti, na Nukta alikuwa Nukta, hata muuza mkaa alijua anaitwaje. Mzee Wino alimtazama mkewe machoni, bila hasira, kama mtu anavyomtazama karani wa dirishani aliyemhudumia vizuri.

"Asante, dada," akasema.

Mama Cherehani akachota kijiko kingine.